Alama Hii Imewekwa na Nani?

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi kuhusu makochi ya ngozi hapa Nairobi hayahusu bei, ingawa bei yenyewe si mchezo, wala hayahusu muda ambao fundi amemzungusha mteja. Yanahusu alama. Mteja huletewa kochi lake jipya, hulizunguka akilitazama, hupitisha kiganja juu ya mkono wa kiti, kisha kidole husimama ghafla penye mstari mwembamba uliofifia, au penye kikundi cha vitundu vidogo, au mahali ambapo rangi imekoza kuliko kipande kilicho kando yake, na papo hapo furaha humtoka. Huona ametapeliwa. Nimefanya kazi ya kuvisha makochi ngozi na vitambaa kwa miaka mingi, katika karakana iliyo kando ya Barabara ya Ngong, na ninaandika makala haya kwa sababu nimeona wateja wengi wakiikataa ngozi nzuri na kuilipia ngozi mbaya, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuwaonyesha namna ya kuisoma.

Rai yangu ni kwamba kila alama iliyo juu ya kochi la ngozi halisi ina mwenyewe. Nyingine ziliwekwa na maisha ya ng'ombe malishoni, nyingine na kisu cha mchunaji, nyingine na kiwanda, na nyingine na fundi aliyekata na kushona. Zile za ng'ombe, isipokuwa chache nitakazozitaja, hazipunguzi uimara wa kiti hata kidogo na hazina wa kulaumiwa. Hizo nyingine mteja ana haki kamili ya kuzihoji, tena kwa sauti. Anayejua kuzitenganisha hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Ni vyema kwanza kuielewa ngozi yenyewe. Ngozi ya ng'ombe ina unene wa milimita kadhaa, na si kitu kimoja kutoka juu hadi chini. Manyoya pamoja na utando wa juu kabisa huondolewa kiwandani kwa chokaa na salfaidi, na mabaki ya nyama na mafuta hukwanguliwa kwa upande wa ndani. Kinachobaki katikati kimefumwa kwa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kuelekea juu nyuzi hizo ni nyembamba na zimebanana mno, na juu ya uso wake hubaki vile vitundu ambamo manyoya yalikuwa yameota. Kuelekea chini nyuzi huwa nene zaidi na zilizolegea. Kwa kuwa ngozi nzima ni nene kupita mahitaji ya kochi, kiwanda huipasua kwa mashine ikawa tabaka mbili. Tabaka la juu, lenye vitundu vya manyoya, hupunguzwa hadi kufikia unene wa takriban milimita 1 hadi 1.4, na hilo ndilo linalofaa kuvishwa makochi. Tabaka la chini halina uso wa asili. Hutengenezewa viatu vya swedi na glavu za kazi, au hupakwa rangi nzito, likachapwa mistari ya kuiga ngozi ya juu na kuuzwa kwa bei nafuu. Nalo ni ngozi halisi, hakuna anayeweza kulikana hilo, lakini halina ule mbano wa nyuzi unaoifanya ngozi ya juu istahimili kukaliwa, kuvutwa na kukunjwa mwaka baada ya mwaka.

Sasa mfikirie mwenye ngozi. Ng'ombe wengi wa Kenya, wale wenye nundu wa aina za zebu, Boran na Sahiwal, hulisha kwenye nyanda kame za Kajiado, Laikipia, Isiolo na kwingineko, ambako malisho na miiba ya migunga havitengani. Akipenya kichakani kutafuta majani, mwiba humchora mgongoni. Akigombania maji na wenzake kisimani, pembe humkwaruza ubavuni. Akisukumwa kwenye ua wa shamba, seng'enge humpasua. Majeraha hayo hupona, na yanapopona mwili hujenga kolajeni mpya mahali pale, iliyojipanga tofauti na ile iliyokuwepo. Ndiyo maana kovu lililopona huonekana kama mstari laini, unaong'aa kidogo, usio na vitundu vya manyoya, na aghalabu hunywa rangi kwa namna tofauti na ngozi inayolizunguka: pengine litakuwa jeusi zaidi, pengine jeupe zaidi. Kovu kama hilo ni imara. Unaweza kulivuta, kulikunja na kulikalia miaka nenda miaka rudi lisifunguke.

Kupe huacha alama za namna nyingine. Hupenda sehemu laini, yaani chini ya tumbo, katikati ya miguu na karibu na masikio, na huacha vitundu vidogo vilivyotawanyika ambavyo mtu asiyejua hudhani ni nondo au mende wamekula kochi. Hapa ndipo penye ile tofauti niliyoidokeza. Kama ng'ombe alipona kabla ya kuchinjwa, kitundu kitakuwa kimejifunga na kubaki kijishimo tu. Kama alichinjwa jeraha likiwa bichi, kitundu kinaweza kupenya ngozi nzima, na ukiinua kipande hicho kuelekea dirishani utaona mwanga ukipita. Kipande cha namna hiyo hakistahili kuwekwa mahali pa kukalia. Vivyo hivyo kwa ng'ombe aliyeugua ule ugonjwa unaomjaza mapele magumu mwili mzima, ambao ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1957 na haujaondoka. Mapele hayo hushuka hadi ndani ya ngozi, na yakianguka huacha mashimo ya mviringo ambayo hakuna rangi wala mashine itakayoyarudisha kuwa ngozi nzima.

Ziko pia alama ambazo si majeraha. Shingo ya ng'ombe, hasa fahali, ina mikunjo mipana inayokwenda sambamba, na mikunjo hiyo haiondoki kiwandani hata ngozi ikinyooshwa vipi. Karibu na tumbo utaona mistari inayojigawa kama matawi. Hiyo ni njia iliyopita mishipa ya damu. Ngozi ya zebu ina shida yake ya nundu: ukiitandaza mezani, sehemu ile huvimba na kukataa kulala bapa, na fundi hana budi kuizunguka wakati wa kukata. Mimi binafsi naipenda mikunjo ya shingo kuliko alama nyingine yoyote. Ikiwekwa kwenye mgongo wa kochi, ikipangwa ielekee upande mmoja, hukipa kiti sura ambayo hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuichapa na kuirudia.

Kuhusu chapa ya moto, moyo wangu una pande mbili. Mfugaji anayemchoma ng'ombe wake chapa anayo sababu nzuri, kwa kuwa wizi wa mifugo si hadithi katika kaunti za kaskazini. Lakini chapa huwekwa pajani au ubavuni, na sehemu ya nyuma ya mgongo kuelekea mapajani ndiyo yenye nyuzi zilizobanana kuliko zote, yaani ndiyo sehemu yenye thamani kubwa zaidi katika ngozi nzima. Chapa moja kubwa hapo huharibu kipande ambacho kingetosha kiti kizima. Tena, tofauti na kovu la mwiba, chapa ni ngozi iliyoungua. Hukakamaa, na ikiwekwa mahali panapokunjwa inaweza kupasuka. Mteja akiipenda, na wapo wanaoipenda sana, huwa naiweka bapa kwenye ubao wa mgongo ambao haukunjiki wala haukaliwi.

Mama mmoja wa Buruburu alikuja karakanani kuchagua ngozi ya kochi la watu watatu, nasi tukamfungulia ngozi ya rangi ya kahawia juu ya meza ya kukatia. Aliitazama kwa utulivu, akainama, akaweka kidole chake penye kovu refu la ubavuni.

"Fundi, hii si imepasuka mkaigundisha?"

"Hapana, mama. Hapo ng'ombe alikwaruzwa na seng'enge akapona mwenyewe. Hebu shika hiki."

Nilimpa kipande kilichobaki cha ngozi ile ile, chenye kovu linalofanana na lile, nikamwomba akivute kwa nguvu zake zote, kovu likiwa katikati. Alikivuta, akakizungusha, akakivuta tena upande mwingine. Hakikuachia. Kisha nikageuza ngozi ile kubwa na kumwonyesha upande wa nyama, penye mkato mfupi usioonekana kabisa kwa juu. Nilivuta taratibu, na mkato ukafunguka hadi upande wa pili kabla hata sijatumia nguvu. "Kwa hiyo ubaya uko huku nisikokuona," akasema, na hakuna namna bora ya kuliweka jambo hilo.

Mikato hiyo ya upande wa ndani ndiyo ninayoiogopa kuliko makovu yote ya malishoni. Mchunaji anayefanya haraka, mwenye kisu chenye ncha kali badala ya kisu cha kuchunia chenye makali yaliyopinda, huacha mifereji midogo kwenye ngozi kila anapopitisha mkono. Ng'ombe amekwisha kufa, kwa hiyo mwili hauwezi tena kujenga kolajeni ya kuziba mfereji ule. Kiwanda kikipunguza unene wa ngozi, mfereji nao hubaki karibu zaidi na uso. Hiyo ni kasoro, na ni kasoro ya mwanadamu. Nyingine ni ya uvivu baada ya kuchuna: ngozi isipotiwa chumvi au kukaushwa upesi, bakteria huanza kuila ndani ya saa chache, hasa penye joto, na uso wake huja kuwa na madoa yasiyong'aa na vishimo vidogo mithili ya mchanga. Alama za maisha ya ng'ombe zina mpangilio unaoeleweka. Uozo hauna mpangilio wowote.

Nilipomaliza kuzungumza na mama yule, tulichukua chaki. Nilizungushia kila alama duara, na yeye akaniambia ni zipi angependa kuziona na zipi hataki. Hivi ndivyo kazi inavyopaswa kuanza kwa kila mteja anayelipa pesa za ngozi halisi. Ngozi haiji kwa upana mmoja kama kitambaa. Mafundi hukadiria kwamba yadi moja ya kitambaa cha upana wa inchi 54 huhitaji takriban futi mraba 18 za ngozi, na kochi la watu watatu hula ngozi kadhaa, tena nyingi zaidi zikiwa za zebu ambaye mwili wake ni mdogo. Kila ngozi ina mgongo ulio imara, shingo yenye mikunjo, na tumbo lililolegea linalovutika kupita kiasi. Fundi mwenye heshima na kazi yake huweka mgongo mahali pa kukalia na juu ya mikono ya kiti, huipeleka shingo nyuma, na tumbo hulitumia kwenye pande za nje ambazo hakuna anayeziegemea. Ukinunua kochi ambalo viti vyake vimelegea katika miezi michache ilhali pande zake za nje zimekaza kama ngoma, huenda aliyelikata alizipanga kinyume, na hilo ni kosa la karakana. Ng'ombe hana hatia.

Kiwanda nacho huacha mkono wake. Ngozi nyingi duniani hudabaghiwa, yaani husindikwa ili zisioze, kwa chumvi za kromu, njia iliyoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 19 baada ya Augustus Schultz kuisajili Marekani mwaka 1884. Ni njia ya haraka, hutoa ngozi laini inayostahimili joto, na ngozi ikitoka kwenye pipa huwa ya samawati kabla ya kutiwa rangi. Njia ya kale zaidi hutumia tanini za magome ya miti, na katika hilo Kenya ina historia yake: miwati, miti ya asili ya Australia ambayo Wakikuyu huiita mithanduku, ilipandwa kwa wingi Murang'a, Kiambu na Uasin Gishu kwa ajili ya magome yake, na mji wa Eldoret ulikuwa na kiwanda cha kuyakamua. Ngozi ya magome ni ngumu kidogo, ina harufu ya mti, na hubadilika rangi kwa mwanga na mguso wa mikono hadi ikawa ya asali iliyokolea. Kwa makochi ya sebuleni mimi huchagua kromu, kwa sababu hulainika vizuri na haikakamai upesi. Magome nayapendelea kwa mikanda, mifuko, viatu vya soko la Kariokor, na kwa viti vya kukalia vya fremu ambavyo ngozi hutandikwa bila sponji.

Baada ya kudabaghi huja rangi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Ngozi ya anilini hutiwa rangi inayopenya hadi ndani bila kufunikwa kitu kizito juu, kwa hiyo kila kitundu cha manyoya, kila kovu na kila mshipa huonekana. Kwa kuwa haina cha kuificha, kiwanda hulazimika kuchagua ngozi safi kuliko zote, na ndiyo maana huwa ghali. Nusu-anilini hupakwa utando mwembamba wa pigmenti ili kusawazisha rangi na kuikinga kidogo. Ngozi ya pigmenti hupakwa rangi inayofunika, na iwapo makovu ni mengi, uso wake husuguliwa kwanza kwa msasa, kisha huchapwa vitundu vya bandia kwa sahani ya moto. Ukitazama kwa makini utaona vitundu hivyo vikijirudia kwa mpangilio ule ule kila baada ya sehemu fulani, jambo ambalo mwili wa mnyama haulifanyi kamwe. Sina ugomvi na ngozi ya pigmenti. Kwa nyumba yenye watoto wadogo na chai inayomwagika, ndiyo ninayoipendekeza, kwa kuwa hufutika kwa kitambaa chenye unyevu bila kunywa doa. Ninachokikataa ni kuiuza kana kwamba ule usafi wake ni ushahidi wa ubora. Viwango vya Ulaya huruhusu nyenzo iitwe ngozi endapo tu utando uliopakwa juu hauzidi milimita 0.15, zaidi ya hapo, mnunuzi anakalia rangi.

Tofauti ya rangi kati ya kipande na kipande ina asili hiyo hiyo. Sehemu yenye nyuzi zilizobanana hunywa rangi taratibu, iliyolegea huinywa kwa pupa, na ngozi mbili zilizozungushwa ndani ya pipa moja hazitoki zikiwa mapacha. Kwenye kochi la anilini tofauti ndogo kati ya mto na mto ni jambo la kutarajiwa. Tofauti kubwa inayoonekana kutoka mlangoni, hiyo ni dalili kwamba fundi alichanganya ngozi za mapipa tofauti, na usikubali kuambiwa eti ni maumbile.

Kuhusu mikunjo inayojitokeza baada ya kochi kutumika, ningependa kila mnunuzi aelezwe kabla hajalipa. Ngozi halisi huvutika inapokaliwa, nayo hairudi yote ilikotoka. Mtu akikaa mahali pamoja kila jioni kutazama taarifa ya habari, ngozi ya mahali pale itapata umbo lake: itatulia, itaweka mikunjo midogo inayotawanyika kutoka katikati, na itakuwa laini kuliko viti jirani. Hii ni tabia ya nyuzi za kolajeni zinazoteleza na kujipanga upya chini ya uzito, na haimaanishi kwamba ngozi imechoka. Namna ya kuitofautisha na kasoro ni rahisi. Bonyeza kiti kwa kiganja kisha uachie. Sponji ikirudi juu upesi na ngozi ikabaki na mikunjo, hayo ni maumbile. Sponji ikibaki imebonyea, basi umeuziwa sponji hafifu chini ya ngozi nzuri, na huo ni wizi wa kawaida sana, kwa sababu mteja hukagua ngozi na hasahau kuinusa, lakini mara chache hufungua zipu ya mto kutazama kilichomo. Watu wa nyumba moja wakibadilishana nafasi, na mito ikigeuzwa mara kwa mara, ngozi hutulia kwa usawa.

Wengine huogopa ngozi wakidhani ni baridi. Ni kweli kwamba asubuhi ya Julai jijini, mawingu yakiwa yameshuka na nyumba zetu zikiwa hazina vipasha joto, ngozi ni baridi unapoigusa mara ya kwanza. Lakini hupokea joto la mwili ndani ya muda mfupi na kulihifadhi. Muhimu zaidi, ngozi isiyofunikwa kwa rangi nzito hunyonya mvuke wa jasho na kuuachia hewani baadaye, kwa hiyo mwezi wa Februari, jua likiwa kali, mapaja hayagandi kwenye kiti. Aliyewahi kuketi kwenye reksini ndani ya matatu mchana anajua tofauti ninayoizungumzia.

Reksini na jamii yake yote inastahili kusemwa waziwazi, maana ndiyo iliyojaza maduka. Reksini ni kitambaa kilichopakwa plastiki, na mwenye duka akikuambia hivyo, ukilipa bei ya plastiki, hakuna aliyedhulumiwa. Tatizo liko kwenye ile inayotengenezwa kwa mabaki ya ngozi yaliyosagwa, yakachanganywa na gundi na kugandishwa juu ya kitambaa, kisha yakafunikwa poliurethani. Ina ngozi ndani yake, ndiyo, lakini zile nyuzi ndefu zilizosukana zimekwisha kusagwa, na nguvu yote inatokana na gundi. Poliurethani nayo huvunjwavunjwa na unyevu pamoja na joto. Baada ya miaka michache uso huanza kubambuka vipande vipande, na hakuna mafuta wala dawa ya kuurudisha. Ngozi halisi ikikauka hupasuka nyufa. Haibambuki kama ganda. Ukiona kochi la jirani linapukutika juu ya zulia, ujue halikuwa ngozi ya kweli, au basi lilikuwa ngozi ya chini iliyobebeshwa utando mzito.

Vipimo vya mitaani vina kasoro zake. Harufu si ushahidi, kwa kuwa inapulizwa kutoka kwenye kopo. Tone la maji litaingia kwenye anilini na kuacha doa jeusi linalokauka, lakini litateleza kwenye ngozi ya pigmenti sawasawa na kwenye plastiki, kwa hiyo halithibitishi chochote peke yake. Mimi humshauri mteja afungue zipu ya mto au atazame chini ya kochi mahali ngozi ilipopigwa pini, auone upande wa nyuma na ukingo uliokatwa. Ngozi ina nyuzi zilizochanganyikana bila mpangilio, kama pamba iliyoshikana; bandia ina kitambaa kilichofumwa kwa mistari. Mwombe fundi kipande kidogo kilichobaki, ukakichome nje ya nyumba: ngozi hunuka nywele zilizoungua na kubaki majivu, plastiki huyeyuka na kudondoka. Halafu tazama kila upande wa kochi, si viti peke yake, kwa sababu ni desturi ya maduka mengi kuweka ngozi halisi mahali mwili unapogusa na kuvisha mgongo na mbavu bandia ya rangi ile ile. Ni njia halali ya kupunguza gharama, mradi mnunuzi ameambiwa.

Jua la Nairobi linahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Tuko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo miale ya jua inayoingia dirishani ina ukali hata siku ambayo hewa ni ya baridi. Ngozi ya anilini iliyowekwa mbele ya dirisha la magharibi hufifia, tena hufifia pale tu jua linapofika. Nimewahi kuinua kitambaa cha kufuma kilichokuwa kimetandikwa juu ya mgongo wa kochi kwa muda mrefu, na chini yake nikakuta rangi ya awali imebaki kamili, maua ya uzi yakiwa yamejichora kwenye ngozi tundu kwa tundu. Hata hivyo, vitambaa hivyo ambavyo akina mama zetu hawakubali sebule ikose, nami ninavitetea. Mafuta ya nywele ni adui mkubwa wa ngozi mahali pa kuegemeza kichwa. Huipenya, huiacha nyeusi, na hatimaye hulegeza rangi ya juu. Kitambaa cha kufuma huyazuia, ilmradi kifuliwe mara kwa mara na kochi lisogezwe lisipigwe na jua moja kwa moja.

Utunzaji mwingine ni mdogo. Vumbi lifutwe kwa kitambaa kikavu na laini kila wiki, doa lifutwe mara moja kwa kitambaa chenye unyevu bila kusugua, na mafuta maalumu ya ngozi yapakwe kwa kiasi mara chache kwa mwaka. Rangi ya viatu isipakwe kamwe, kwa sababu itahamia kwenye nguo za kila atakayeketi. Sabuni kali, spiriti na klorini huondoa rangi pamoja na doa. Msimu wa mvua ndefu, sogeza kochi mbali na ukuta ili hewa ipite, maana ukungu huanzia nyuma, mahali ambapo jicho halifiki.

Nina jambo moja linaloniuma, nalo ni ngozi zetu wenyewe. Nchi hii huchinja ng'ombe kila siku kwa ajili ya nyama, na serikali hutoza ushuru kwa ngozi ghafi zinazosafirishwa nje ili zisindikwe hapa, lakini nyingi huondoka zikiwa zimefikia ile hatua ya samawati tu, kisha sisi tunaagiza ngozi zilizokamilika kutoka nje. Mteja huniambia anataka ya Italia kwa sababu ni safi. Ni kweli ni safi: ng'ombe wa Ulaya wengi hulelewa ndani, mbali na miiba na kupe, na ngozi zao ni kubwa zaidi. Lakini ngozi ya Boran iliyochunwa kwa uangalifu, ikatiwa chumvi mapema na kukatwa na fundi anayejua kuipanga, ina nyuzi imara na inafaa kabisa kwa kochi la maisha. Kinachoikwamisha ni mambo mawili: kisu cha mchunaji, ambacho mafunzo na malipo bora yanaweza kukirekebisha, na mteja anayeona kovu la mwiba akakunja uso. Wateja wakikataa alama za ng'ombe, viwanda vitaendelea kusugua uso wa ngozi zetu kwa msasa na kuzifunika rangi, na zile sifa zinazoitofautisha ngozi na plastiki zitakuwa zimelipiwa kisha zikafichwa.

Kwa hiyo unapoagiza kochi, omba kuonyeshwa ngozi nzima kabla haijakatwa, pande zote mbili, mbele ya dirisha. Pitisha kiganja upande wa nyama ukitafuta mikato. Amueni pamoja kipi kikae wapi. Uliza ni anilini au pigmenti, na iwapo kuna sehemu yoyote itakayovishwa bandia, iandikwe kwenye risiti. Kazi ikikamilika, mwombe fundi akuachie kipande kizuri cha ngozi ile ile, kisichopungua ukubwa wa mto mdogo, ukakihifadhi ndani ya bahasha ya karatasi mahali pakavu pasipo na mwanga, nyuma yake ukiwa umeandika jina la rangi na mwaka. Siku mkasi wa mtoto utakapopenya kiti, kipande hicho ndicho kitakachotumika kama kiraka, kwa kuwa ngozi ya pipa jingine haitashabihiana nacho hata ikiwa imeandikwa rangi hiyo hiyo.